Mitungi Sita Iliyokuwepo Kwenye Jalada

Mama yangu alikufa kwa kukosa hewa, na kwenye jalada nililolitunza mimi mwenyewe imeandikwa kwamba hewa ilikuwepo. Mitungi sita ya oksijeni, imejaa, iko tayari kwa matumizi. Niliichapa sentensi hiyo kwa vidole vyangu, nikairudia kuisoma nisiache kosa, nikaipeleka kwa bosi akasaini. Watu wananiuliza kwa nini nasimulia habari hii wakati ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka ya kutosha na haijanisaidia.

Nilikuwa karani wa masijala katika halmashauri moja ya mkoa wa Singida. Masijala ni chumba cha majalada. Barua ikiingia ofisini inapita kwangu, naigonga muhuri, naipa namba, naiweka kwenye jalada lake, jalada linakwenda kwa bosi, bosi anaandika neno lake pembeni kwa wino mwekundu, linarudi. Akiandika "Tekeleza", kuna mtu atatoka jasho. Akiandika "Tuzungumze", kuna mtu ataitwa ofisini na mlango utafungwa. Akiandika "Hifadhi", barua hiyo imekufa na mimi ndiye mchimba kaburi. Kazi hiyo niliiweza. Wenzangu walisema karatasi nikiihifadhi mimi hata aliyeiandika haioni tena, nami nilijivunia maneno hayo.

Afisa afya aliyesimamia magonjwa ya mlipuko alikuwa Mnyiramba mmoja mwembamba, mpole, mwenye miwani na suruali zilizoishia juu ya kifundo cha mguu. Sikumpenda. Nasema wazi, maana sasa ni rahisi kujifanya nilimheshimu. Wengine walitupa barua zao mezani wakaenda kunywa chai. Yeye alisimama pale mpaka niigonge muhuri, niiandike kwenye daftari, nisaini, kisha achukue nakala yake na kuikunja vizuri kwenye begi. Alinifanya nijione mwizi anayelindwa. Na kwa kuwa alikuwa na sababu ya kutoniamini, nilimchukia zaidi.

Barua zake zilikuwa na wimbo mmoja. Jengo la kutengea wagonjwa, lililojengwa nyuma ya hospitali wakati wa kipindupindu, limegeuzwa stoo, litolewe vitu. Hospitali ina mtungi mmoja tu wa oksijeni, ule wa chumba cha upasuaji, nao ukiisha unasafirishwa kujazwa mkoa mwingine, siku nzima kwenda na kurudi, inunuliwe mingine. Wauguzi wafundishwe kuitumia. Alieleza kwamba magonjwa ya kifua yanayoenea kwa pumzi yamewahi kuua watu wengi nchi nyingine, na kwamba yakija hayatauliza kama bajeti imepita. Aliyaandika hayo kabla yeyote kati yetu hajasikia neno korona. Bosi akaandika "Hifadhi". Akaleta nyingine. "Hifadhi". Ya tatu bosi hakuandika neno, alipiga mstari tu mwekundu, nami nilijua la kufanya.

Kwenye vikao vya wakuu wa idara niliingia kuandika muhtasari, na huko tulikuwa na mchezo. Afisa afya akisimama kuzungumza, mtu mmoja anapiga chafya ya uongo. Akifungua karatasi zake, mwingine anapiga. Mpaka afike kwenye mitungi, meza nzima inapiga chafya na watu wanajifuta machozi ya kicheko. Mimi ndiye niliyekuwa na chafya nzuri kuliko wote. Niliivuta kutoka mbali, nikaishikilia, kisha nikaiachia kwa mlio wa mbuzi, na bosi mwenyewe alikuwa akinitupia jicho kungoja zamu yangu. Afisa afya alikuwa akivua miwani, anaifuta kwa shati, anangoja tumalize, halafu anaendelea pale alipoishia.

Siku moja alisema, "Ndugu zangu, sitaki mniamini. Nataka mitungi."

Afisa mmoja wa mipango akamjibu, "Nenda stendi, ya gesi ya kupikia imejaa tele."

Tulivunjika mbavu. Kwenye muhtasari niliandika kwamba mjumbe alitoa taarifa ya afya na taarifa ikapokelewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida yetu, na hakuna aliyeniambia nifute.

Halafu korona ikaanza kutajwa redioni, mwanzo kama habari ya Wachina, baadaye kama habari ya majirani. Ikaja barua kutoka juu: wakaguzi watapita kila halmashauri kuangalia utayari, na kwetu watafika baada ya siku nne. Jengo la kutengea wagonjwa wakati huo lilijaa magunia ya mbegu za alizeti zilizoletwa kugawiwa wakulima, na juu yake maturubai na viti vya plastiki vya sherehe. Bosi alituita wachache akasema, "Wageni wanakagua kwa macho. Wapeni cha kuona."

Magunia yakahamishiwa ukumbini. Vitanda vikaazimwa shule ya bweni, vikatandikwa mashuka mapya yenye mikunjo ya dukani. Ikabaki mitungi, na watu wakaanza kutazamana. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Wazo la mitungi lilikuwa langu, sikutumwa na mtu. Karibu na stendi kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti, ameoa kwenye ukoo wetu, na mafundi hutumia oksijeni kukatia vyuma. Nilimfuata karakana kwake.

"Shemeji, niazime mitungi yako siku moja tu."

"Unataka kukata chuma gani wewe?"

"Ofisini kuna wageni, ni ya kuonyesha."

Alicheka, akanipa minne yake na kuniombea miwili kwa mwenzake. Mingi ilikuwa mitupu. Mtungi wa chumba cha upasuaji una shingo nyeupe, kwa hiyo tukaipaka hii nayo rangi nyeupe shingoni, tukaipanga mmoja kando ya kila kitanda. Rangi ilinibaki kwenye kucha wiki nzima. Niliwaonyesha wenzangu kama binti aliyetoka kupakwa hina.

Ilibaki shida moja, afisa afya, maana yule angeona mitungi na kusema ukweli mbele ya wageni. Bosi akaniagiza nimwandikie kibali cha safari kwenda kukagua vyoo vya shule mpakani mwa wilaya. Nilimkabidhi. Akaisoma tarehe, akanitazama.

"Dada, si ndiyo siku ya wakaguzi hii?"

"Mimi karani tu, kaka. Sipangi ratiba."

Akakunja kibali, akaweka mfukoni, akaenda kuwasha pikipiki. Nilimwona dirishani akifunga begi lake nyuma kwa mpira, na nilifurahi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Wakaguzi walikuja na magari mawili, upepo ukiwapiga vumbi la macho tangu walipofungua milango. Walikuwa wameshapita wilaya nyingine asubuhi ile na walikuwa na njaa. Daktari mmoja msichana aligonga mtungi kwa kalamu, akausikiliza, akauliza geji na mipira ya puani viko wapi. Bosi hakupepesa.

"Tumevifungia stoo ya dawa, daktari. Huku kwetu vitu vya shaba vina miguu."

Wakacheka wote, naye akacheka, akaandika sita. Jikoni kuku walikuwa tayari. Kwenye mkoa wetu mgeni wa serikali haondoki bila kula kuku wa kienyeji, na haondoki mikono mitupu. Baadhi ya kuku wale nilimwagiza mama yangu kijijini kwetu Mungaa. Alichagua majogoo wanene, akawafunga miguu mwenyewe, akawaleta mpaka barabarani kupanda gari, kwa kuwa nilimwambia ni wageni wangu wa kazini. Wakaguzi walikula, wakasifu ugali wa uwele, wakasifu mlenda, wakaondoka na madumu ya mafuta ya alizeti na majogoo wawili kila mmoja. Jogoo mmoja aliwika ndani ya buti la gari wakati wakiaga, tukapunga mkono.

Taarifa ya kutuma juu niliichapa kesho yake. Bosi alinisomea: mitungi sita ya oksijeni, imejaa. Nikaona sentensi imekuwa fupi, nikaongeza mwenyewe "iko tayari kwa matumizi". Bosi alipoisoma alisema ninajua Kiswahili. Baada ya wiki chache ikaja barua ya pongezi, akaiwekea fremu ukutani.

Afisa afya alirudi kutoka kwenye vyoo vyake, akaenda nyuma ya hospitali, akakuta magunia yamesharudi na viti juu yake. Hakupiga kelele. Alikuja masijala akaomba kusoma taarifa, akaisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kisha akaandika barua ya kukanusha, akieleza kwamba mitungi ile ni ya mafundi na kwamba ugonjwa ukifika watu watakufa kwa sababu ya karatasi. Ilikuwa barua nzuri. Kosa lake lilikuwa moja, kosa la sisi watumishi tuliolelewa na masijala: alifuata utaratibu. Barua ya mtumishi kwenda juu sharti ipitie kwa bosi wake, naye aliipitisha kwa bosi wake. Angeweza kupanda basi la asubuhi akaipeleka mwenyewe. Angeweza kupiga simu. Aliiandikia "Kupitia kwa" juu ya anwani, akaileta kwangu, akangoja muhuri. Bosi aliandika "Hifadhi", na chini yake akaongeza kwamba mtumishi huyu aonywe. Onyo nalo nililichapa mimi.

Ugonjwa ulipokuja kwetu kwa nguvu haukutajwa jina ofisini. Tulisema changamoto ya upumuaji. Tulijifukiza majani, tulikunywa tangawizi, na ofisi mbili za korido yetu zikafungwa kwa sababu waliokuwa wakizikalia walikuwa wamezikwa. Wiki moja nilienda Mungaa nikiwa nakohoa. Nilisema ni vumbi. Mama alinipikia, tukala sahani moja, akanikanda mgongo kwa mafuta.

Baada ya siku chache baba akapiga simu. Alisema mama yako anapumua kama aliyekimbia, na hajakimbia. Walimleta asubuhi kwa gari la kukodi, baba amemwegemeza kifuani. Wodi zilikuwa zimejaa hadi sakafuni, na mtungi ule mmoja wa hospitali ulikuwa kwa mama mjamzito. Muuguzi akasema mpelekeni kule nyuma. Tukamlaza kwenye jengo la kutengea wagonjwa, juu ya godoro lililotandikwa kwenye kijia katikati ya magunia.

Afisa afya alikuwa pale, na barakoa ya kitambaa iliyofuliwa mpaka ikachakaa. Alimpa baba shikamoo, akamgeuza mama alale kwa tumbo kidogo, akamwelekeza baba jinsi ya kumshika, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alinivuta pembeni.

"Mitungi imekuja mkoani, dada. Imegawiwa juzi."

"Yetu iko wapi?"

"Hatukupewa. Wamewapa wasio nayo. Nimewaambia hatuna, wakanisomea taarifa yenu. Mitungi sita, iko tayari kwa matumizi."

Alisema taarifa yenu, na hakusema kwa ukali. Akaniambia nakala zake hazina maandishi ya bosi, hivyo kama barua zenyewe bado zipo nimletee, azipige picha awatumie, labda wataamini na kuleta mtungi mmoja kabla ya jioni. Nilikimbia ofisini. Barua nilizozificha zisionekane na mtu nilizipata kwa dakika tatu, maana nilijua nilipozizika. Nilizileta zote, na mistari yake myekundu. Akazipanga juu ya gunia, akazipiga picha moja moja, mikono imetulia, akazituma. Tukangoja tukitazama simu. Jibu lilikuja kwa maandishi: barua hizo ni za kabla ya ukaguzi, na kinachotambulika ni matokeo ya ukaguzi. Ile moja iliyoandikwa baada ya ukaguzi walisema haina sahihi ya mkuu wake, hivyo haijafika rasmi.

Nikakimbilia kwa fundi. Nilimkuta amekaa juu ya mtungi mmoja uliobaki na shingo nyeupe.

"Shemeji, mama anakata roho. Una mtungi wenye hewa?"

"Wamekuja watu tangu wiki iliyopita," akasema. "Wameimaliza yote, na hata wale sijui waliivutaje. Mnavyokuja kwangu mfululizo, hospitali siku hizi ni mimi?"

Nilirudi kwa bodaboda nikiwa nalia, na dereva akaniomba nivute barakoa juu.

Baba alikuwa anampepea mama kwa mfuniko wa boksi la dawa. Mkono wake ulikuwa umechoka na hakutaka kupokewa. Mama alifumbua macho akatazama magunia yaliyotuzunguka, akasoma maandishi yake polepole jinsi alivyokuwa akisoma kila kitu. Msimu ule alikuwa ameniuliza mara kadhaa kama mbegu za alizeti za kugawiwa zimekuja, na mimi nilimwambia bado, kwa kuwa bosi alisema zisitoke kwanza. Akasema kwa Kinyaturu, kwa pumzi za kukatika, "Kumbe mbegu zilifika." Halafu akaendelea kuhangaika na hewa mpaka saa nane mchana, akaacha. Baba aliendelea kumpepea kidogo, kwa kutojua.

Tulimzika Mungaa. Bosi alikuja na gari la ofisi na watu wa idara zote, wakaketishwa mbele. Akapewa nafasi ya kusema. Alisema marehemu alikuwa mama yetu sote, kwamba alipata kila huduma, mpaka hewa ya oksijeni alipewa, lakini Mungu akampenda zaidi. Watu wakasema amina. Kisha mshereheshaji akaomba neno la shukrani kutoka kwa familia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma na ndiye mwenye kazi, wazee wakanionyesha mimi.

Nilisimama. Afisa afya alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevua kofia. Bosi alikuwa mbele yangu, mikono juu ya magoti, ananitazama vile alivyokuwa akinitazama kwenye vikao. Mezani kwake ofisini kulikuwa na fomu yangu ya kupandishwa cheo ikingoja saini. Nilijua ukweli niliotaka kuusema na nilikuwa nimeupanga usiku kucha. Nikasema, "Kwa niaba ya familia, tunaishukuru ofisi kwa huduma zote alizopewa mama yetu, ikiwemo oksijeni." Nilisema kwa sauti nzuri, na walionipongeza baadaye walisema nilijikaza.

Afisa afya akavaa kofia yake akaondoka kabla ya chakula. Baada ya miezi michache alihamishwa wilaya nyingine kwa maombi yake mwenyewe, barua yake ikapita kwangu, bosi akaandika "Tekeleza". Ndiyo barua yake pekee iliyotekelezwa.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka pale nyumbani, baba aliniita chini ya upenu wa nyumba. Alikuwa hajalala siku tatu, na macho yalikuwa makavu.

"Ile hewa uliyoishukuru," akaniuliza, "mama yako aliivuta saa ngapi? Mimi nilikuwepo pale tangu asubuhi. Niambie ni saa ngapi, labda nilisinzia."

Akangoja muda mrefu, kwa heshima, anavyongoja mtu mzima ajibiwe swali alilouliza kweli. Kisha akasema basi, akaingia ndani.

Cheo nilipata. Naenda Mungaa kila mwezi na mchele na sukari, nampa baba shikamoo kama kawaida. Zamani aliitikia marahaba mwanangu, na mara nyingi aliongeza jina la bibi yangu nililorithishwa. Sasa anasimama, anafuta kiti cha wageni kwa kiganja, ananisogezea, na anasema, "Marahaba, mtumishi."